Tumbo la Ndege

Ndege ilifika nyumbani kwetu ikiwa vipande. Tantine, dada mdogo wa papa anayeishi Ubelgiji, aliituma ndani ya valizi ya mtu aliyekuwa anarudi Kalemie, imefichwa katikati ya nguo za watoto. Lilikuwa boksi la karatasi ngumu, juu yake picha ya ndege ya vita ya zamani, na ndani yake fremu za plastiki ya kijivu, vipande vimeshikamana nazo kama matunda mabichi kwenye tawi. Mdogo wangu alifungua, akatazama, akafunga.

"Wamekutumia ndege iliyokwisha kuanguka," akaniambia.

Ilikuwa yangu kweli. Papa alikuwa amemwambia Tantine kwenye simu kwamba nina miaka kumi na sita na wageni wakiingia kwa mlango wa mbele mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Kwamba shuleni mwalimu akiniuliza, najua jibu lakini mdomo unakataa. Tantine akajibu kwamba ziko kazi za watu wasiosema, na akatuma hii.

Nilidhani kuunganisha ni kubandika tu. Sivyo. Kila kipande kinabaki na kovu pale kilipokatwa kwenye fremu, na kovu lisiposuguliwa, pande mbili hazikutani. Mwili wa ndege unakuja nusu mbili kama karanga iliyopasuliwa. Ukizifunga, mstari wa kiungo unapita mgongoni na tumboni, na sehemu kubwa ya kazi ni kuuficha mstari ule ili mtu asijue kwamba kitu hiki kiliwahi kuwa viwili. Nilikata na kikata-kucha cha mama. Nilisugua na msasa ambao seremala jirani alinipa bila kuuliza wa nini. Gundi ya ndani ya boksi ilikuwa imekauka njiani, basi nikanunua sokoni ile kole ya tyubu ndogo wanayotumia washona viatu, inayoshika vidole kabla ya kitu chenyewe. Bawa la kushoto lilishika likiwa limeinama kidogo kuliko la kulia. Nililia, niseme ukweli, kwa sababu ya bawa.

Halafu kioo. Nilikibandika kile kioo cha marubani, nikafunika ndege na bakuli ili vumbi lisiingie. Nilipofunua asubuhi, kioo chote kilikuwa cheupe. Moshi wa kole ile ukikosa pa kutokea unaganda kwenye plastiki inayong'aa. Hilo nililijua baadaye. Marubani wangu wawili, niliowapaka kofia kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, hawakuonekana tena.

Na macho ya Kambo yako vile vile. Kambo ni mama mzazi wa papa, anaishi nasi. Mtoto wa jicho amemwingia pande zote mbili. Anajua mchana, anajua usiku, anajua nani amepita mbele ya mlango, lakini sura hapana. Mimi ananiita muke mwenzake, kwa sababu kwetu bibi na mjukuu wa kike wanagombania bwana mmoja, hata kama bwana mwenyewe tulimzika kabla sijaanza shule. Mbele ya Kambo peke yake mdomo wangu haukatai.

"Muke mwenzangu," aliniambia siku moja kutoka kwenye mkeka wake barazani, "unasugua nini kila siku? Unanoa kisu ya kunichinja?"

"Ni ndege, Kambo."

"Ya kula?"

"Ya vita. Ya plastiki. Ndogo."

Aliacha kucheka.

"Propela iko moja?"

"Moja, mbele."

"Mabawa yako chini ya mwili ao juu?"

"Chini. Na ncha zake zimepanda kidogo."

Mtu asiye wa nyumbani kwetu hataelewa kwa nini aliuliza hivyo, kwa hiyo nieleze.

Kambo alipokuwa msichana mdogo, waliishi kandokando ya Lukuga, mto unaotoka ziwani hapa mjini na kwenda magharibi, njia ya reli ikiufuata. Ilikuwa miaka ile ya vurugu baada ya uhuru. Siku moja alivuka mto katika mtumbwi na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, mtoto ambaye hakuwa amefika umri wa shule, wakimfuata mama yao shambani ng'ambo. Ndege ya vita ikaja. Kambo anasema ilikuja chini kabisa, ikifuata mto wenyewe, mpaka maji yakatetemeka. Aliacha kasia akamlalia mdogo wake amfunike, na mtumbwi ukapinduka. Yeye alishika matete. Mtoto hakuonekana tena.

Kaka yao mkubwa alikuwa amebaki ufukoni. Yeye ndiye aliyewaeleza wazazi, na maneno yake yalikuwa mengine. Alisema ndege aliiona, ndiyo, lakini ilipita juu sana upande wa reli, ndogo kama mwewe. Na kwamba msichana alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi anacheza. Alikuwa mkubwa, tena mwanaume. Wakamwamini. Mama yao alikufa akimwamini.

Kaka huyo yupo hapa Kalemie, mstaafu wa reli, nyumbani tunamwita Mzee; Kambo peke yake anamwita Yaya, yaani kaka. Kwenye matanga yote ya ukoo, akishakunywa kidogo, anasema mbele ya watu: "Nilikuwa na mudogo wangu mwanaume. Maji yalimukamata mukononi mwa mwanamuke." Na hajawahi kula chakula cha Kambo. Anakuja, anasalimu, anakaa kwenye kiti kilekile, sahani ikiletwa anagusa tumbo: "Nimeshiba." Sisi wajukuu tulikua tukidhani ni mtu anayeshiba haraka.

Sasa mtoto wake aliye Lubumbashi alikuwa amemwita akaishi kwake. Alikuwa anangojea treni tu. Na treni yetu haina siku; inakuja ikija.

"Leta hiyo ndege," Kambo alisema.

Nilimpa mikononi. Aliigeuza mara moja, tumbo juu. Niliona aibu, kwa sababu majuma yote yale nilikuwa nimefanya kazi upande wa mgongo. Mgongo ulikuwa laini. Tumboni nilikuwa nimeacha kiungo wazi, na penye shina la mabawa palikuwa na ufa ambao ungeingiza ukucha. Nilijiambia, nani ataangalia huko?

"Hii inayoning'inia ni nini?"

"Magurudumu, Kambo."

"Hapana. Ilikuwa imekunja miguu. Tairi mbili zilikuwa hapa na hapa," vidole vyake viwili vikagusa tumbo karibu na mbele, "zinaonekana wazi, bila kifuniko. Sawa kuku ukiisha kumufunga miguu."

Nilitazama karatasi ya maelezo. Inaonyesha ndege imesimama kwenye magurudumu yake, basi. Picha ya boksi inaonyesha upande na mgongo. Na mimi nilijua, kama kila mtu anayejua ndege kidogo, kwamba zikikunja miguu zinafunga milango. Sikumbishia. Niliomba simu ya papa, nikatafuta picha za ndege ile moja baada ya nyingine, zote zimepigwa kwa juu au kwa upande, mpaka nikapata moja iliyopigwa na mtu aliyesimama chini yake. Tairi mbili, tupu, zimelala tumboni. Hazina mlango.

Waliochora boksi hawakuonyesha kitu hicho. Aliyeiona ikiwa mbali kama mwewe asingekijua.

Nilimwambia Kambo. Hakushangaa, kwa nini angeshangaa? Alisema tu: "Basi itengeneze vile ilivyokuwa. Nataka Yaya aishike mbele yangu. Akiisha kuishika na aseme tena ilikuwa juu sawa mwewe, sitamuuliza tena. Nitanyamaza mpaka kaburini."

"Na treni ikifika kabla?"

"Basi harakisha! Mabibi ya wenzetu wanapika, wewe unasugua tu."

Niling'oa miguu. Moja ilitoka na kipande cha bawa. Tairi za plastiki zilikuwa nene kuliko mashimo, maana watengenezaji walijua hakuna atakayeziweka humo. Nikazisugua mpaka zikabaki nusu, vidole vikapasuka, bado hazikukaa sawa. Moja ilizama, nyingine ilitokeza. Nilitoa, nikasugua, nikarudisha. Kambo alikuwa akipima kwa kidole. "Hii imevimba," anasema. "Hii iko muzuri." Kuhusu bawa la kushoto lililoinama nilimuuliza kama linaharibu. Akafikiri kweli, akasema ilikuwa inapinda na mto, basi bawa moja lilikuwa chini. Sijui kama alisema hivyo kunifariji.

Ufa wa shina la mabawa ulinishinda. Kole peke yake ilikuwa inapotelea ndani. Kambo akafungua ncha ya kitambaa chake akatoa pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu mkubwa anampaka mtu mkononi akimbariki, au watu wakipatana. Akavunja kipande.

"Saga hii, changanya na kole yako."

"Pemba, Kambo? Kwa ndege?"

"Kidogo tu. Ingine iko na mwenyewe."

Iliganda kama jiwe. Nilipoisugua, ufa haukuonekana tena.

Rangi nayo. Maelezo yanasema manjano, na alama za nchi fulani ya mbali. Kambo alisema hapana, tumbo lilikuwa rangi ya sufuria mpya, na kama kulikuwa na alama yeye hakuiona, basi nisiweke. Papa akaniletea kutoka bandarini, kwenye biro, ofisi yake, mabaki ya rangi ya fedha waliyopakia nguzo za chuma. Hakuuliza kitu. Alikuwa anajua na anaogopa. Siku zote amekuwa mtu wa kusema "tuache ya zamani". Kisha Kambo akasema kulikuwa na uchafu mweusi unakimbilia nyuma, upande mmoja, sawa ukuta juu ya mbabula. Nilirudi kwenye picha: bomba la moshi liko upande mmoja tu. Nikachukua masizi ya mbabula yetu, jiko la makaa, nikayapaka kwa kidole kutoka mbele kwenda nyuma, kidogo kidogo. Kambo alinusa ndege akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Inanuka jikoni," akasema.

Siku nyingine aliniuliza: "Hii ni ndogo. Na sisi tungekuwa wakubwa gani?"

Nilipiga hesabu. Kipimo ni moja kwa sabini na mbili. Mabawa ni kama shibiri. Nikachukua mkono wake nikamgusisha ukucha wa kidole gumba changu. "Wewe hapa." Halafu ukucha wa kidole cha pete. "Yeye hapa."

Alivishika vile vidole viwili, vyote pamoja, akakaa navyo. Mimi sikuvuta mkono.

Nilikuwa nimemaliza tumbo peke yake, mgongo bado plastiki ya kijivu, watu wakaanza kusema treni imefika. Jumapili baada ya misa Mzee alikuja kuaga.

"Bibi yangu!" alinipigia kelele mlangoni, maana na yeye ni kambo yangu, ana haki ya kunitania. "Ninaenda Lubumbashi, haujafunga hata mizigo? Nitaoa mwingine kule."

Nilikimbilia jikoni. Mama alitenga bugali na mukebuka, samaki mkubwa, wa kuagia. Mzee akagusa tumbo.

"Nimeshiba, mama."

"Hata leo, Yaya?" Kambo aliuliza kutoka kwenye mkeka.

"Nimeshiba, Mudogo."

"Sawa. Muke mwenzangu, leta ile kitu."

Kambo alikuwa amenikataza kutaja magurudumu. Hakuhitaji kunikataza. Nilitoka na ndege juu ya viganja viwili, mgongo wa kijivu juu, kioo cheupe, nikasimama mbele ya Mzee.

"Nini hii? Kitu ya kuchezea?"

"Ni ndege," nilisema. Sijui kama alisikia.

Aliichukua. Aliishika kama watu wa reli wanavyoshika chuma, kwa vidole vyote. Alitazama mgongo, akatazama kioo. Halafu, hakuna aliyemwambia, akaigeuza. Kidole gumba chake kikapita tumboni, kikavuka pale palipozibwa na pemba, kikafika kwenye tairi ya kwanza. Kikasimama. Akaweka ukucha ukingoni mwa tairi akajaribu kuisukuma. Akajaribu tena.

"Hii haizunguke," alisema, na sauti ilikuwa ya fundi anayeona kosa. "Moja ilikuwa inazunguka. Na upepo. Polepole."

Papa aliinua kichwa. Mama alikuwa ameshika jagi la maji ya kunawa na hakuliweka chini.

"Yaya," Kambo alisema polepole. "Mwewe hana tairi."

Mzee akagusa tairi ya pili.

"Ulikuwa chini yake."

Alikuwa bado anatazama lile tumbo. Kisha akainua mkono wake mwenyewe na kuuleta mbele ya uso, kiganja chini, karibu na pua. "Ilipita hapa," alisema. "Nililala katika matete. Papa yetu alisema mimi ndiye nivushe watoto, na mimi nilisema niko na nyavu ya kushona. Ilipita hapa, Mudogo. Niliona tairi. Nilifunga macho. Kufungua, mutumbwi ulikuwa umegeuka." Akashusha mkono. "Papa angeniua."

Nje mtu alipita na pikipiki. Mzee akaomba pemba. Kambo akafungua kitambaa, akatoa kile kipande kilichobaki, akampa. Alitaka maji, mama akamiminia kidogo kiganjani. Alikwangua pemba, akakoroga kwa kidole, akapiga magoti kwenye mkeka, magoti yakilia, akashika mkono wa Kambo ili ampake. Papa alipumua kwa nguvu. Nadhani sote tulidhani imeisha.

Kambo akavuta mkono wake.

"Kwanza sema. Pemba haina kinywa."

"Mama," papa alisema, "ameisha kuelewa, yuko anapiga magoti, inatosha..."

"Wewe nyamaza. Haukukuwa umezaliwa."

Mzee alibaki pale, kiganja kimejaa weupe unaoanza kukauka. Nilidhani atasimama aende zake. Midomo ilikuwa inajaribu, na hiyo naijua, najua mdomo unaokataa ukoje. Nilitaka kumsaidia na sikuwa na namna.

"Mutoto hakufa mukononi mwako," alisema mwisho. "Ndege ilikuja chini. Niliiona."

"Mutoto nani?"

Akamtaja jina. Jina lile sikuwa nimelisikia nyumbani kwetu hata siku moja. Kambo alilirudia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja kama mboga ina chumvi. Kisha akanyoosha mkono wake, na wa pili, na Mzee akampaka yote miwili kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, na kwa sababu alikuwa analia pemba ilikuwa inashuka na maji.

Wakala pamoja. Mukebuka alikuwa amepoa. Mzee haoni vizuri vitu vidogo, na Kambo haoni kabisa, lakini ni Kambo aliyetoa miiba kwa vidole na kuweka nyama upande wa kaka yake wa sahani. Mara moja tu alisema, "Ongeza chumvi kwako, Yaya, unapenda," na sote tukashangaa amejuaje.

Treni ilimchukua katikati ya juma. Tulikwenda kituoni, Kambo akishika bega langu, na alibaki amesimama pale hata baada ya watu kutawanyika.

Ndege iko kwenye dirisha la chumba chetu, juu ya kitambaa, tumbo juu. Mdogo wangu anasema haijaisha. Mgongo sijaupaka rangi na sidhani nitaupaka. Lakini kuna jambo lilikuwa linanisumbua, kwa sababu nimekuwa mtu wa kutaka kitu kiwe sahihi, na jioni moja nikamuuliza Kambo.

"Ile tairi. Ulikuwa unaiona inazunguka?"

"Hapana. Mimi niliona mbili zimesimama."

"Sasa niache hivyo hivyo? Ao niitengeneze izunguke?"

Mbabula ilikuwa inawaka kati yetu.

"Moja acha isimame," alisema. "Moja tengeneza izunguke. Na yeye alikuwa pale."

Nikaweka sindano kwenye makaa, ipate moto wa kutoboa tairi.